Hisa za Marehemu Ochom

Jumanne moja ya mwezi wa kwanza, saa nne kasorobo asubuhi, Teresa Ajiko alikuwa ameketi barazani kwake Malaba akitia kiraka gunia la kilo tisini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alinunua magunia mabovu kwa wafanyabiashara wa nafaka wa pande zote mbili za mpaka, akayakung'uta, akayashona, kisha akawauzia wao wenyewe. Simu ya marehemu mumewe ilikuwa dirishani ikichajiwa. Hakuwa ameizima tangu amzike, kwa kuwa bado kulikuwa na watu wa Tororo waliopiga kuulizia nafasi ya mzigo, naye alipenda kuwajibu kwamba Ochom hayupo, kama vile ametoka kidogo.

Simu ikalia. Ujumbe ulisema kwamba Ochom ameuza hisa elfu arobaini za Kampuni ya Vyakula ya Kengele, na kwamba mauzo hayo yatakamilika siku ya tatu.

Teresa alikuwa anausoma mara ya pili Ochom alipoingia getini. Alivaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo huko Moding miaka mitatu nyuma, hana viatu, na mikunjo ya suruali imejaa udongo. Alipita kando ya magunia, akainama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, akaketi kwenye kiti chake.

"Yoga, Mama Sharlyne."

"Yoga," Teresa aliitikia salamu hiyo ya Kiteso. "Umefika. Chai iko."

Ochom hakuinywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili mpaka kikapoa, ndipo akasema, "Wameniita. Nimeuza hisa."

"Hisa gani? Si wewe ulikuwa na mia tano tu?"

"Sasa ni nyingi." Akamwonyesha kidole gumba. Kilikuwa na wino wa buluu, mbichi.

Ochom alikuwa ameendesha lori la Kengele miaka kumi na sita, akipeleka unga wa mahindi na wa uji mpaka Soroti. Kampuni ilipoingia kwenye soko la hisa Nairobi, kila mfanyakazi alifunguliwa akaunti akapewa hisa mia tano na fulana. Ochom alikufa ndani ya lori, siku ya nne ya foleni ya kuvuka mpaka, moyo ukisimama huku mkono wake uko kwenye usukani. Lori la nyuma lilipiga honi nusu siku kabla mtu hajashuka kuja kumtazama. Akaunti yake ilibaki wazi. Ili kuifunga Teresa alihitaji barua ya mahakama, na faili lake lilikuwa Busia likingoja barua ya chifu.

Katika ofisi ya Bwana Mulama, mkurugenzi wa Kengele, kuna mtu aliyeikumbuka akaunti hiyo. Sheria inamkataza mkurugenzi kuuza au kununua hisa za kampuni yake anapojua habari ambayo umma bado haujaijua. Marehemu, sheria haikumtaja. Walibadilisha anwani na namba ya benki ya Ochom, wakaanza kuuza na kununua kwa jina lake. Namba ya simu waliisahau.

Jioni hiyo mwenye nyumba alipita, akampa Ochom mkono, akamkumbusha kwamba geti linafungwa saa tatu. Ochom akamwambia hana safari. Ijumaa saa sita mchana ujumbe wa pili ukaingia kwamba mauzo yamekamilika. Ochom akasimama, akajipangusa magoti, akatoka akifuata barabara ya kwenda Moding kwa miguu. Jumatatu redio ikatangaza kwamba Kengele imepata hasara kubwa, na bei ya hisa ikaanguka kwa theluthi moja.

Alirudi mwezi wa nane. Safari hii alikuwa amenunua. Alisema Kengele imeshinda tenda ya unga wa msaada Sudan Kusini na watu wataambiwa wiki ijayo. Teresa alikuwa ameshanunua beseni. Alipasha maji, akatia chumvi, akamwekea miguu humo, maana miguu yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyevuka mto alfajiri, na maji yalipoa mara moja, ikabidi apashe mengine.

"Nilikuwa naisikia ile honi," Ochom alisema akiwa ameketi hivyo. "Nilikuwa najua ni mimi nimefunga njia. Nilitaka kusogeza gari."

Teresa akamwambia asijali, lori lilisogezwa.

Siku ya tatu aliondoka. Kuanzia hapo Teresa, ambaye hakuwa na hisa hata moja, akawa mtu pekee katika soko la Malaba aliyesikiliza bei za hisa kila jioni. Akisikia Kengele wamegombana na wakulima, au mashine imeharibika, au kuna mkutano wa wakurugenzi, alifua shuka. Mnunuzi wa magunia kutoka Mbale alimuuliza, "Nyabo, siku hizi uko na bwana?" Teresa akamwambia, "Niko na yule yule."

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Ujumbe ulisema Ochom ameweka sokoni hisa milioni mbili.

Alipoingia hakusalimu. Alisimama mlangoni akauliza, "Unga wa uji mnaokula hapa ni wa nani?"

"Wa Kengele. Kwani kuna mwingine?"

"Umwage. Una sumukuvu. Mahindi ya mwezi wa kwanza yaliwekwa yakiwa na maji. Maabara ilishawaandikia, hii ni wiki ya tatu. Watatangaza Jumatatu, wakimaliza kuuza."

Teresa alichukua kopo la unga akalimwaga chooni, akalisugua kwa majivu, akalianika juani. Aliporudi alimkuta mumewe ameketi.

"Wanamuuzia nani hizo zote?"

"Sacco ya wakulima. Ya Mzee Okwakol. Atatia sahihi kesho saa tano."

Mzee Okwakol alikuwa mwenyekiti wa sacco ya wakulima wa Teso Kaskazini, mtu mwenye heshima zake, aliyeishi Amagoro na mkewe, Apeduno. Ochom alipokufa, Apeduno ndiye aliyelala na Teresa kwenye mkeka mmoja siku saba, akimfunga kitenge asubuhi kama mtoto. Kutoka Malaba hadi kwao ni mwendo mfupi kwa bodaboda. Simu pia ilikuwepo, na ilikuwa na chaji.

Teresa alijua hesabu ilivyo. Akimwambia Okwakol leo, Okwakol hatatia sahihi. Asipotia sahihi, hisa zitaondolewa sokoni, na Ochom atainuka kwenye kile kiti saa hiyo hiyo, kabla hata maji hayajachemka.

"Nitaenda kesho mapema," alisema.

Teresa akapasha maji.

Asubuhi saa mbili alikuwa tayari amevaa viatu. Ochom akajishika kidevu akasema, "Mama Sharlyne, hebu ninyoe kwanza. Zimeota sana." Ni kweli zilikuwa zimeota. Teresa akavua viatu, akatafuta wembe mpya na sabuni. Alimnyoa upande wa kulia, akamnyoa upande wa kushoto, akarudi upande wa kulia. Alimkata nywele za masikioni. Alimkata kucha za mikono, kisha za miguu, akazifagia, akazichoma. Alipomaliza ilikuwa saa tano kasorobo, akaenda barabarani kutafuta bodaboda, na wa kwanza aliyesimama hakuwa na kofia ya ajali, Teresa akamwacha apite, akachukua wa pili.

Alifika Amagoro saa tano na dakika ishirini. Okwakol alikuwa sebuleni amevaa koti, karatasi ziko mezani, wakala wa hisa ameondoka muda si mrefu.

"Karibu, binti yangu! Umekosa pongezi kidogo tu," mzee alisema. "Leo wakulima wameingia ndani ya kampuni. Tulikuwa tunawauzia mahindi kama watumwa. Sasa sisi ndio wenye kiwanda."

Teresa akamwambia yote akiwa bado amesimama. Aliposema neno sumukuvu, Apeduno alikuwa anaingia na sinia la vikombe vitatu vya uji.

Okwakol aliuliza polepole, "Nani amekwambia?"

"Baba Sharlyne."

"Amerudi?"

"Tangu jana, mzee."

"Tangu jana," Okwakol alisema.

Aliinuka, akachukua vikombe kwenye sinia kimoja kimoja, akavimwaga nje ya dirisha. Apeduno akacheka. "Uji huu nimeunywa tangu mwezi wa pili. Leo ndiyo unaumwaga?"

Alhamisi walikwenda Busia watatu, Okwakol, Teresa na Ochom. Ofisi inayosimamia biashara ya hisa ilikuwa imemtuma ofisa kutoka Nairobi kwa wiki moja, akakaa katika chumba cha kuazima nyuma ya duka la simu. Aliitwa Vivianne Oduori, msichana nadhifu, mwenye mwandiko mzuri. Aliwapa viti, akamgeukia Ochom.

"Wewe ndiye mwenye akaunti?"

"Ndiyo, madam."

"Uko hai?"

"Hapana."

Akaandika. "Kitambulisho?"

"Kilirudishwa wakati wa kibali cha mazishi."

Akaandika hilo pia. Aliwasikiliza saa nzima bila kuwakatiza, na alipomaliza kujaza karatasi ya sita aliweka kalamu chini. "Nimewaelewa vizuri kabisa, na ninawaamini," alisema. "Tatizo ni moja. Marehemu hawezi kulalamika bila barua ya usimamizi wa mirathi. Kushtakiwa anaweza, kwa sababu akaunti ni yake na habari alikuwa nayo. Amekiri hapa mbele yangu."

"Na Mulama?" Okwakol aliuliza.

"Bwana Mulama hana hisa hata moja aliyouza, mzee. Nimeangalia."

"Na pesa ya wakulima?"

"Ilishatoka jana. Ninachoweza kuzuia ni jina." Akapiga muhuri. "Akaunti imezuiwa mpaka kesi iishe. Mauzo haya hayatakamilika."

Teresa alimtazama mumewe. Ochom alikuwa anautazama muhuri.

Siku ya tatu ikapita, na ya nne. Ochom hakuondoka. Jumatatu Kengele wakatangaza kwamba unga wa uji urudishwe madukani, na kabla ya jioni hisa zikawa hazina wa kuziokota. Bwana Mulama alizungumza redioni kwa sauti ya huzuni. Alisema habari ile yeye mwenyewe aliipata Jumapili jioni, na kwamba kwa imani aliyonayo kwa kampuni hajauza hisa yake hata moja. Watangazaji wakamsifu.

Wiki hiyo hiyo macho ya Apeduno yakageuka manjano. Walimpeleka hospitali ya Alupe, akalazwa pamoja na wengine watatu wa vijiji tofauti. Teresa alikwenda kila siku na themosi. Siku moja alimfuata daktari kwenye ukumbi akamuuliza kama uji wa Jumanne jioni na wa Jumatano asubuhi unaweza kuwa ndio uliozidisha. Daktari akamwambia ugonjwa huu hujengwa kidogo kidogo. Hakuna mashine inayoweza kusema ni kikombe gani. Teresa akamuuliza tena siku iliyofuata, na daktari akamjibu vile vile. Apeduno alikufa Jumapili ya pili.

Ochom alihudhuria mazishi. Aliketi upande wa wanaume, akashika koleo zamu yake ilipofika, na watu wakamshukuru.

Kuanzia hapo Mzee Okwakol alikuwa akikaa kwenye kiti nje ya nyumba yake kila Jumanne asubuhi, amevaa koti, akitazama njia. Jumanne ya tano alikwenda Busia kwa wakala wa hisa akasema anataka kumfungulia mkewe akaunti. Wakala alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwambia, "Pole, mzee. Marehemu hawezi kufungua akaunti mpya. Anaweza tu kuendelea na ya zamani." Okwakol akamweleza kwamba hisa za sacco ziko kwa jina la sacco, na mama hakuwahi kuwa na yake. Wakala akasema ndiyo hivyo, wamama wengi wako hivyo.

Akitoka huko mzee alipita Malaba, akaketi barazani karibu na Ochom, ambaye sasa alikuwa anashona magunia kumsaidia mkewe.

"Umemwona huko?" Okwakol aliuliza.

"Mzee, mimi siko huko," Ochom alisema. "Nimezuiwa hapa."

Okwakol akatikisa kichwa. Hakumlaumu Teresa siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Kila alipofika alimsalimu, akaulizia afya ya mtoto, akaondoka. Teresa alikuwa akimsindikiza mpaka getini, na kila mara alifungua mdomo aseme jambo kuhusu wembe na sabuni, mzee akampungia mkono.

Sharlyne, binti yao aliyesoma bweni, alipofunga shule alimletea baba yake karatasi ya matokeo. Ochom akaisoma yote, akauliza kwa nini hesabu zimeshuka. Walikaa pamoja likizo nzima. Majirani walisema Teresa ana bahati. Na kweli, mshono wa Ochom ulikuwa mzuri kuliko wake, na hakuhitaji kula. Lakini pia hakulala. Alikaa kwenye kiti macho wazi, na mambo ya Kengele yakawa yanamjia moja moja kama matone ya paa bovu, mkopo fulani, barua fulani, jina la mtu atakayefukuzwa, kwa kuwa hakuna aliyefuta jina lake kwenye orodha ya wanaojua. Maji ya beseni hayakumpasha tena.

"Teresa," alisema asubuhi moja. Tangu wazae alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake. "Mimi nimechoka."

"Najua."

"Sikulaumu. Lakini nimechoka."

Kesi ilitajwa mwezi wa sita. Bwana Mulama alikuwepo kama shahidi upande wa kampuni. Walikutana kwenye korido, naye akamshika Ochom mkono kwa mikono yake miwili.

"Ochom, pole sana kwa usumbufu."

"Asante, boss."

"Ulikuwa dereva mzuri."

"Asante, boss."

Ndani, jina la Ochom liliposomwa, alisimama akasema, "Niko." Wakili wa kampuni akaomba muda wa kuchunguza kama mshtakiwa anaweza kutumikia adhabu, ikiwa itatolewa. Kesi ikaahirishwa mpaka mwezi wa kumi na moja.

Mwezi wa saba, siku ya Jumatano, alifika mwanamke mdogo kutoka Busia na mtoto mgongoni. Alijitambulisha kwamba ni Yvonne. Mumewe, Emong, alikuwa fundi wa mashine kiwandani Kengele mpaka alipofariki mwaka jana. Teresa akamkaribisha kiti. Hakuketi.

"Nimeelekezwa kwako, mama. Amekuja jana saa tano. Sijui nimpe nini."

"Chakula hali. Mpe chai ashike tu. Na upashe maji ya miguu, utie chumvi."

"Atakaa mpaka lini?"

"Ijumaa, saa sita."

Yvonne akamrusha mtoto kidogo mgongoni, akamweka vizuri. "Huyu alikuwa hajazaliwa," alisema. "Jana amembeba mpaka amelala." Kisha akashusha sauti. "Kuna kitu ameniambia, mama. Kuhusu kiwanda. Anasema watu bado hawajui, na kuna chama cha walimu ambacho kinataka ku..."

"Usiniambie," Teresa alisema.

Yvonne akamtazama Ochom, aliyekuwa ameinamia gunia, miguu yake mitupu imenyooshwa kwenye sakafu.

"Na nikisema kwa wale wa ofisi ya hisa?"

Ochom ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa. "Ukisema, akaunti itazuiwa, naye atabaki."

"Atabaki kabisa?"

"Kama mimi."

"Atapenda?"

"Hapana," Ochom alisema.

Yvonne akasema amemwacha Emong peke yake nyumbani na afadhali arudi kabla ya mchana, maana siku ni fupi. Aliwashukuru wote wawili. Teresa alimsindikiza mpaka penye bodaboda, akamchagulia dereva mwenye kofia ya ziada, akamfunga mtoto vizuri kwa leso. Teresa alikuwa na siku mbili nzima za kumpigia Yvonne simu amwambie awaonye walimu. Siku hizo alishona magunia thelathini na moja.

Ijumaa saa sita mchana Emong aliondoka. Jumatatu jioni redio ya mwenye nyumba ikatangaza kwamba Kengele inafunga kiwanda chake cha Malaba, na kwamba walimu mia nne wa kaunti, ambao chama chao kilinunua hisa wiki iliyopita, wanaombwa kuwa na subira. Bwana Mulama akasema na yeye imemuuma.

Teresa alikuwa anaingiza magunia ndani kabla ya mvua. Akasimama mlangoni akamwambia Ochom kwamba wanafunga kiwanda, ingawa alijua kwamba anajua.

"Walimu mia nne," Ochom alisema.

"Mia nne," Teresa alisema, akaenda kuwasha jiko.